Frere Town: Kijiji cha Kengele Ng'ambo ya Mji wa Kale

Frere Town ni kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 huko Kisauni, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kiwe makao ya watu waliotolewa utumwani. Kimekaa ukingoni mwa hori itenganishayo kisiwa na bara, kikielekeana na Mji wa Kale. Kwa dau, safari ya kutoka Bandari ya Kale hadi ufuo wake ilikuwa ya muda mfupi tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 maji hayo membamba yalitenga maisha ya namna mbili. Ng'ambo ya kisiwani mtu aliweza kuwa mali ya mwenziwe kihalali; ng'ambo ya kijijini alihesabiwa huru, alimradi awe amefika kwa njia iliyokubaliwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokisumbua kijiji kuliko jambo jingine lolote.

Kabla ya hapo Kisauni ilikuwa nchi ya mashamba. Wenye mali wa kisiwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa na minazi na miembe huko, na waliolima walikuwa zaidi ni watumwa. Wamisionari walikuwa na alama moja tu mahali hapo, nayo ilikuwa kaburi. Rosine, mkewe Johann Ludwig Krapf, alifariki Julai 1844, miezi michache baada ya wawili hao kufika Mombasa, akazikwa bara pamoja na mtoto wake mchanga. Krapf alipopata mwenzake, Johannes Rebmann, walihamia Rabai mwaka 1846, na kwa miongo mitatu Kisauni ikabaki na minazi yake na kaburi lake.

Jina la kijiji latokana na Sir Bartle Frere, aliyekuwa amewahi kuwa gavana wa Bombay. Mapema mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Unguja akamtake sultani, Sayyid Barghash, apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, na Frere akaondoka mikono mitupu. Aliyeikamilisha kazi ni balozi John Kirk, aliyepewa amri ya kutishia kukizingira kisiwa cha Unguja kwa manuwari. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Haki ingekuwa kijiji kiitwe kwa jina la Kirk, lakini Frere ndiye aliyekuwa ameandika na kuhimiza kwamba Mombasa ijengwe makao ya watu watakaookolewa, na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilimtii kwa jina na kwa vitendo.

Mkataba wa 1873 unapaswa kueleweka vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Ulikataza kuwasafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Haukukataza kuwa nao. Aliyekuwa na watumwa 20 shambani kwake Kisauni kabla ya mkataba aliendelea kuwa nao, na kadhi na liwali walimtambua kuwa ndiye mwenyewe. Hivyo yule aliyenaswa na manuwari ndani ya jahazi alikuwa huru papo hapo, na yule aliyetoroka shamba akaogelea au akapita mikokoni usiku alikuwa mali ya mtu iliyopotea. Watu wa pwani waliwapa majina mawili tofauti: wa kwanza waliitwa mateka, wa pili waliitwa watoro. Kijiji kilijengwa kwa ajili ya mateka. Watoro walikuja bila kualikwa.

Kila jahazi lililokamatwa lilileta swali la wapi watu wake wapelekwe. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wangindo. Kuwarudisha makwao kulikuwa rahisi kusema. Njia ya kurudi ilikuwa ileile waliyoletewa, na wakamataji wake walikuwa walewale. Mapadre Wakatoliki wa Bagamoyo walikuwa na kijiji chao cha uhuru tangu mwaka 1868, na misheni ya Waanglikana ya Unguja ilikuwa na Mbweni. Wengine walikuwa wamepelekwa Shelisheli. Wengine walifikishwa mbali zaidi, hadi India, na hao ndio waliokuwa watu wa kwanza wa Frere Town.

Watu hao walijulikana kuwa Waafrika wa Bombay. Walikuwa watoto walipookolewa baharini, wakapelekwa Bombay, kisha wengi wakalelewa katika shule ya CMS iliyokuwa karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa useremala, uhunzi, kusoma na kuandika. Walipokua walizungumza Kihindi na Kiingereza, walivaa suruali na viatu, na lugha za mama zao zilikuwa zimewatoka ulimini. Watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wameshatumwa Rabai tangu mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Wengine walimfuata David Livingstone katika safari yake ya mwisho, na baada ya kufa kwake mwaka 1873 waliubeba mwili wake hadi pwani pamoja na wenzao. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alifika nao mpaka Westminster Abbey kwenye maziko ya Aprili 1874.

Aliyepewa kazi ya kukianzisha kijiji ni William Salter Price, padre aliyekuwa amewalea vijana hao Nasik. Alifika Mombasa Novemba 1874, akamkuta Rebmann Rabai amepofuka macho. Kabla hajapata ardhi, vita vikazuka mjini. Januari 1875 akida wa Ngomeni, Muhammad bin Abdallah, aliasi dhidi ya Barghash na kuuelekezea mji mizinga ya ngome. Manuwari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliingia zikaipiga ngome hiyo hadi akida akasalimu amri. Wakazi wa mitaa iliyo karibu na Ngomeni, ikiwemo Makadara ambako Wabulushi waliokuwa askari wa sultani walifanya maskani yao, waliona kwa macho yao ni nani sasa mwenye neno la mwisho bandarini. Kwa Price vurugu hilo lilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Mwaka huohuo alinunua shamba Kisauni, ukingoni mwa maji, na Waafrika wa Bombay, zaidi ya 100 pamoja na wake na watoto, wakaanza kufyeka, kuchoma chokaa na kujenga.

Mateka wa kwanza walishushwa Septemba 1875. Mwezi huohuo manuwari Thetis ilileta zaidi ya watu 200 kwa mkupuo mmoja, na kijiji ambacho bado kilikuwa nusu kichaka kikajaa. Waliofika walikuwa wamekondeana, baadhi yao wana ndui au vidonda, wengi hawana hata kipande cha nguo. Walipewa merikani, wakagawiwa chakula, wakaandikwa majina. Hapo ndipo mmoja aliyeitwa jina la babu yake huko Ziwa Nyasa alipokuwa John au Mary, na jina lake la Kiyao, likibaki, likawa jina la ukoo. Wengi walifungishwa ndoa mapema, kwa kuwa misheni iliona nyumba yenye mume na mke ndiyo nguzo ya kijiji. Kila familia ilipewa kiwanja cha kibanda cha miti na udongo kilichoezekwa kwa makuti, na kijishamba cha muhogo, mahindi na kunde. Mawe na chokaa viliwekwa kwa nyumba za Wazungu, shule na kanisa.

Kengele ndiyo iliyoendesha maisha. Wenyeji husimulia kwamba ilitungikwa ili kuonya: walinzi wakiona dau la wateka watu, au kundi la wenye watumwa waliokuja kudai mali zao, waligonga kengele, wanawake wakakusanya watoto na wanaume wakashika silaha. Ilikuwa na kazi ya kila siku pia. Iliwaamsha watu alfajiri, ikawaita kwenye sala, ikawapeleka shambani na karakana, ikawarudisha, ikawaita tena kanisani jioni. Mtu aliyetoka kwa bwana aliyempangia siku yake kwa sauti ya mdomo alikuta hapa siku yake imepangwa kwa sauti ya shaba. Si haki kusema mambo hayo mawili yalikuwa sawa, kwa maana hapa hakuna aliyeuzwa wala mtoto aliyetenganishwa na mamaye kwa bei. Lakini uhuru wa Frere Town ulikuwa wa kupewa kwa kipimo, na aliyeushika mkononi kipimo hicho alikuwa msimamizi.

Baadhi ya wasimamizi walikizidisha kipimo cha fimbo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kijiji kiliwekwa chini ya J. R. Streeter, mtu mwenye bidii ya kazi na imani kubwa katika nidhamu. Mashamba yalinawiri, nyumba zikaongezeka, na viboko navyo vikaongezeka. Mwaka 1881 habari za watu kuchapwa na kufungwa zilifika kwenye ubalozi wa Uingereza Unguja, uchunguzi ukafanywa, Streeter akaondolewa na Price akarudishwa kuja kuweka mambo sawa. Waliolalamika zaidi walikuwa Waafrika wa Bombay. Wao walijiona walimu na mafundi, wenzi wa kazi, na misheni iliwalipa na kuwatendea kama watumishi. Baadhi yao walikata tamaa wakaenda kufanya kazi kwa wasafiri na makampuni, ambako mtu ajuaye Kiingereza na kusoma alilipwa vizuri zaidi.

Wakati huo watoro walizidi. Walikuja Frere Town, na zaidi walikwenda Rabai, ambako George David na William Jones hawakuwa na moyo wa kuwafukuza. Wengine walianzisha makazi yao wenyewe ndani ya nchi ya Wagiriama, huko Fuladoyo, chini ya Wakristo Wagiriama. Wenye watumwa wa Mombasa walikasirika, na mara kadhaa mnamo mwaka 1880 na baadaye ilisemekana kwamba watavuka hori wakichome kijiji moto. Misheni ilikuwa imebanwa pande mbili. Kwa sheria ilipaswa kuwarudisha watoro, na kuna waliorudishwa. Kwa dhamiri haikuweza, na kuna waliofichwa. Hasira ya wenye watumwa haikuwa ya bure tu. Kwa tajiri wa Mji wa Kale, kila mtoro aliyepokelewa ng'ambo alikuwa hasara ya fedha taslimu. Kwa mtoro mwenyewe, kila aliyerudishwa alikuwa na mijeledi inayomngojea.

Jambo hilo lilimalizwa na kampuni, si na kanisa. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekodi pwani kutoka kwa sultani, ilimleta George Mackenzie awe mkuu wake Mombasa. Alikuta mji unafoka: hesabu ilionyesha watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Mackenzie aliona kwamba biashara haitakwenda mji ukiwa na kinyongo. Akakubaliana na wenye watumwa walipwe reale 25 kwa kila kichwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro hao wakapewa hati za uhuru. Kwa siku hiyo moja mateka na watoro wakawa kitu kimoja mbele ya sheria. Utumwa wenyewe, hata hivyo, haukufutwa pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, miaka kumi baada ya kufutwa Unguja.

Katikati ya misukosuko hiyo kijiji kilikuwa kimekuwa makao makuu ya misheni ya Afrika Mashariki. Askofu James Hannington alifika Januari 1885, na mwaka huohuo akawapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Jones, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, ndiye aliyefuatana naye katika safari ya kwenda Buganda. Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu ya msafara, aliwaongoza wapagazi waliobaki kurudi pwani, wakawasili mwanzoni mwa mwaka 1886. Vitabu vya wakati ule vilimtukuza askofu, na ni sawa, lakini aliyewarudisha watu wakiwa hai alikuwa Jones.

Mwaka 1888 chuo cha kufundisha wahubiri kilifunguliwa kijijini, na vijana wakaanza kuja kutoka Taita, Rabai na hata bara ya mbali. Wote walihitaji lugha moja. Chiyao, Kimakua na Kinyasa vilisikika ndani ya vibanda. Kihindi na Kiingereza vilisikika kwa Waafrika wa Bombay. Kisimani, sokoni na kanisani kilichosemwa ni Kiswahili cha Mombasa, yaani Kimvita. Kwa hiyo watoto wa kijiji, ambao hawakuwa na nasaba ya Kiswahili wala dini ya Waswahili wengi, walikua wakikisema Kimvita kama lugha ya mama. Wenyeji wa kisiwani waliwaita Wamisheni, na jina hilo lilibeba kejeli na ujirani kwa pamoja. Mmisionari W. E. Taylor, aliyefika mwaka 1880, alijifunza lugha hiyo kwa undani kiasi cha kuhubiri sokoni Mombasa akiwa amevaa kanzu. Pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikusanya tungo za mshairi Muyaka bin Haji, na bila wawili hao nyingi zingepotea. Misheni ilifanya jitihada Kimvita kiwe lugha ya vitabu, lakini mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 ulichagua Kiunguja.

Kijiji kilianza kupungua pale kazi yake ilipokwisha. Baada ya 1895 Waingereza walitawala pwani, majahazi ya watumwa yakakoma, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilihitaji makarani, mafundi na watu wa simu. Wamisheni walikuwa na elimu hiyo, wakaondoka kuifuata kazi hadi Nairobi na kwingineko. Kanisa nalo lilivuka maji: kanisa kuu la Mombasa, lililojengwa kisiwani kwa kumbukumbu ya Hannington na wenzake, liliwekwa wakfu mwaka 1905. Mwaka 1930 chuo cha wahubiri kilihamishiwa Limuru, na mwaka uliofuata daraja la kuelea la Nyali likafunguliwa, likamaliza enzi ya kuvuka kwa dau. Misheni ilianza kuachilia ardhi yake, na wakazi waliodhani kwamba viwanja walivyokaa wazazi wao ni vyao waligundua kwamba kwenye karatasi havikuwa vyao. Jambo hilo bado halijatoka midomoni mwa jamaa zao.

Mwaka 1934 mtoto wa kijiji, James Juma Mbotela, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichosimulia jinsi wazee wa Frere Town walivyotekwa, walivyosafirishwa, walivyookolewa na walivyoishi. Kilisomwa mashuleni kwa miaka mingi. Kilipingwa pia, hasa na Waislamu wa pwani walioona kwamba Waarabu wamebebeshwa lawama yote na Waingereza wamepewa sifa yote, na pingamizi hilo lina uzito wake. Hata hivyo ni vitabu vichache vya Kiswahili vinavyowasikilizisha wasomaji maneno ya mateka wenyewe kwa kiasi hicho. Ukoo huo wa Wambotela ulitoa pia Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, ambaye mtaa wa Mbotela huko Nairobi umebeba jina lake. Ulimtoa vilevile Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, mtangazaji ambaye kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilisikika redioni kwa miongo mingi hadi sauti yake ikawa inajulikana kila nyumba Kenya. Alifariki Februari 2025.

Wa mwisho katika Waafrika wa Bombay waliombeba Livingstone alikuwa Matthew Wellington, ambaye jina lake la Kiyao lilikuwa Chengwimbe. Alikaa Mombasa hadi uzeeni, akifanyia kazi idara ya ujenzi ya serikali, na alifariki mwaka 1935.

Leo mji umekimeza kijiji. Daraja la kuelea lilibadilishwa kwa daraja la zege mwaka 1980, mashamba yakawa mitaa, na Frere Town ni jina la wadi katika jimbo la Nyali, jirani na soko la Kongowea. Kanisa la Emmanuel lingali likisaliwa. Kaburi la Rosine Krapf lipo. Mnara wa kengele umesimama kando ya barabara iendayo Malindi, umetangazwa kuwa turathi ya taifa, na kituo cha matatu kilicho mbele yake kinaitwa Kengeleni.